Msimu au Misimu

Walisema serikali inaleta mashine inayonusa ekari za uongo. Ukiisimamisha katikati ya shamba, walisema, inalia piii kama ekari ulizoandikisha zimezidi, na ikishalia hakuna cha samahani. Jina linakatwa kwa wino mwekundu, ruzuku hupati, shamba linachukuliwa, na wewe mwenyewe unapandishwa gari la polisi na nguo zako za shambani hivyo hivyo.

Uvumi huo ulinikuta barazani mchana nachambua pamba, safi upande huu, fifi yenye madoa upande ule. Aliyeuleta ni wifi yangu, dada wa mume wangu, mtu ambaye habari haiwezi kulala kwake hata usiku mmoja.

"Wifi, umesikia?"

"Nitasikiaje na wewe ndiyo kwanza unaingia?"

Akanieleza yote, na ile piii akailia mwenyewe mpaka kuku wakakimbia. Kisha akaniuliza, "Wewe uliandikisha ngapi?"

"Tatu."

Akavuta kigoda, akaketi. Wifi yangu akiketi, ujue mambo yameharibika.

"Kaka anasema shamba lenu ni mbili na robo," akasema.

Nieleze kidogo, ili anayesoma asipotee. Mwaka ule bei ya pamba ilianguka vibaya, wakulima wengi wakataka kung'oa. Serikali ikasema itatoa ruzuku, yaani pesa ya kutushika mkono, kwa kila ekari ya pamba, na itaendelea kila msimu mpaka bei ikae sawa. Karani wa ushirika akapita na daftari lake, akaandika jina la mkulima na ekari zake, akagawa kadi. Siku aliyofika kwangu mume wangu hakuwepo. Yeye ni fundi mwashi, hujenga mbali na kurudi Jumamosi. Karani akasema anayelima ndiye anayeandikwa. Basi kadi ikatoka na jina langu. Tangu cheti cha darasa la saba nilikuwa sijawahi kupata karatasi yenye jina langu. Hata kadi za kliniki huandikwa jina la mtoto. Niliifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikaiweka chini ya godoro, na kila nikitandika naipapasa.

Sasa hizo ekari. Kwetu ekari hupimwa kwa miguu, hatua sabini kwa sabini. Lakini miguu ya nani? Mume wangu ni mrefu, nyumba aliyoijenga mwenyewe akiingia anainama. Hatua yake moja mimi naitembea moja na nusu. Kwa hiyo ekari yake ni kubwa, na shamba akilipima linakuwa dogo. Mimi sikupima kwa miguu. Mimi nina kamba ya kupandia, ya katani, yenye fundo kila sentimita tisini, kama tulivyofundishwa kupanda kwa mistari. Mistari sabini ya tisini tisini ni upande mmoja wa ekari. Nilihesabu mistari mia mbili na kumi na miwili, urefu mafundo sabini na moja. Nikapiga hesabu kwa mkaa ukutani, ikaja tatu na kachembe. Hicho kachembe nikakiacha, nisionekane mroho.

Nilikuwa na uhakika mpaka wifi alipolia ile piii. Baada ya hapo kichwa kikaanza kunila. Kamba ya katani ikilowa hunywea, fundo na fundo vinasogeleana. Je, siku ile niliyopima ilikuwa kavu? Au ilikuwa imenyeshewa? Sikumbuki! Na kama ilinywea, basi mistari yangu imesongamana, na ekari zangu ni za uongo kweli. Niliweka chumvi mara mbili kwenye mboga. Mtoto wangu wa mwisho aliniuliza, "Mama, unaongea na nani?" Nina watoto wanne, na kila nikimwangalia mmoja nilikuwa nafikiria nikifungwa atalala kwa nani.

Nikampigia mume wangu simu.

"Ekari tatu umezitoa wapi, mama watoto? Zimezaa?"

"Nilipima kwa kamba."

"Kamba ni ya kufungia mbuzi. Ekari ni miguu!" Nikasikia mafundi wenzake wanacheka. Kisha akashusha sauti. "Usiogope. Jumamosi naja, tutaenda kwa karani tukapunguze."

Jumamosi ilikuwa siku nne mbele. Kwa mtu mwenye wasiwasi siku nne ni mwaka, na mwenye lake hangoji Jumamosi ya mtu.

Kesho yake akaja Nafuu. Jina lake la nyumbani wachache wanalijua. Tunamwita Nafuu kwa sababu kila sentensi yake inaanza na "kwa nafuu yako". Hukodisha mabomba ya kupulizia dawa, na hununua pamba ya walioshindwa kungoja siku ya mizani ya ushirika. Alifika kwa pikipiki, begi la karatasi kifuani, viatu safi. Wifi alikuwa kwangu tunachambua pamba pamoja.

"Shemeji, nimesikia yamekufika," akasema kwa huruma kama yuko msibani.

"Yapi?"

"Ya ekari. Kwa nafuu yako, nimekuja kukutoa motoni. Nipe kadi, nikupe nusu ya ruzuku sasa hivi, mkononi. Mashine ikija ikilia, imlilie Nafuu. Wewe utakuwa umekaa hapa na pamba yako."

"Nawe utafungwa?"

"Mimi nina watu wangu, shemeji."

Nusu mkononi, na hofu anaondoka nayo yeye. Sitawadanganya, moyo ulilegea. Niliingia ndani, nikainua godoro, nikatoka na kadi. Wifi akaniangalia kwa furaha. "Toa tu, wifi. Mimi yangu nilitoa asubuhi, nimelala usingizi wa mchana kama mtoto."

Nafuu akatoa karatasi iliyopigwa chapa, akaisoma mbio mbio kama anayefukuzwa. "Mimi mkulima mwenye kadi namba fulani, kwa hiari yangu, nimemkabidhi mwenye kuipokea haki ya ruzuku yangu ya pamba kwa msimu bila kudai tena. Hapo chini, shemeji, sahihi. Kama huandiki, kidole."

Hilo la kidole ndilo lililoniudhi. Nilimwambia naandika, na kwamba anayeandika husoma kwanza. Akatazama saa. Mimi nasoma kwa kidole, neno kwa neno, sioni haya. Nikaanza juu. Mi-mi m-ku-li-ma. Nikateremka taratibu, Nafuu anagonga kiatu chini, nikafika mstari wa tatu. Nikapita. Kidole kikarudi chenyewe.

"Shemeji, hapa umesoma msimu."

"Ndiyo, msimu."

"Mimi naona mi-si-mu."

Akacheka. "Shemeji nawe! Msimu, misimu, si kitu kilekile? Lafudhi tu hiyo."

"Mti mmoja, miti mingi," nikasema. "Mkeka mmoja, mikeka mingi. Hiyo tuliimba darasa la tatu mpaka mwalimu akachoka. Msimu ni huu. Misimu ni huu na yote inayokuja."

"Basi mashine ya chapa imekosea. Weka sahihi, mambo ni yaleyale."

"Kama imekosea, nitakwangua hiyo i kwa wembe, halafu niweke sahihi."

"Karatasi ya kisheria haikwanguliwi!"

"Basi kaandike nyingine."

"Muda uko wapi, shemeji? Wapimaji wako njiani!"

"Herufi moja inakula muda gani?"

Akatazama saa tena. Mtu aliyekuja na maneno gunia zima, kwa i moja akakauka. Na mimi, hofu yote niliyokuwa nayo kwa siku mbili ikageuka hasira. Nikaisogeza kadi yangu, nikaitia kifuani.

"Wifi, ngoja," akasema wifi kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Yangu imeandikwaje?"

Akatoa nakala yake kwenye mkunjo wa nguo, akanipa. Kidole kikaenda moja kwa moja mstari wa tatu. Misimu.

"Mbwa wewe!" wifi akasimama na ungo. "Umeununua uzee wangu wote kwa pesa ya sabuni!"

Nafuu akarukia pikipiki. Kisha akakumbuka karatasi yake iko kwangu, akarudi hatua mbili. Nilikuwa nimeshaikalia.

"Shemeji, nyanyuka nichukue karatasi yangu."

"Miguu imekufa ganzi."

"Nyanyuka!"

"Njoo uninyanyue, na wifi ameshika ungo."

Akaondoka bila karatasi. Vumbi lake halijatua, sisi tuko njiani kwenda ushirika.

Karani yuko ghalani, kwenye kichumba chenye meza moja na magunia mpaka darini. Akavaa miwani, akasoma, akavua, akafuta, akavaa tena. "Mbona nimeiona karatasi hii mara kumi," akasema. "Wote wananiambia wameuza msimu. Nikadhani ni mkopo wa msimu mmoja, sikusoma herufi kwa herufi." Akaona haya, mzee wa watu. Kisha akatuambia jambo ambalo laiti tungelijua mapema: kadi ya ruzuku haiuzwi, hairithiwi, haiwekwi rehani. Pesa inatoka kwa mwenye jina, akiwa amesimama na kadi yake. Nafuu alichokuwa akinunua ni kutushikia kadi, ili kila msimu tumpitie yeye kwanza.

"Kesho ni siku ya mizani," karani akasema. "Watu wote watakuwa hapa. Njoo uwasomee."

"Soma wewe. Wewe ndiye karani."

"Mimi niliiona mara kumi sikuiona. Aliyeiona ni wewe."

Usidhani nilifurahi. Nilikuwa sijawahi kusema mbele ya watu zaidi ya kikundi chetu cha kukopeshana mbegu. Lakini asubuhi nilikwenda. Foleni ilikuwa imetoka nje ya ghala, mtu na magunia yake. Karani akapiga debe kwa kijiti, watu wakanyamaza, nikaanza.

"Paza sauti!" mzee mmoja akapiga kelele kutoka nyuma. "Mfupi wewe hatukuoni!"

Hapakuwa na cha kupandia ila mizani yenyewe, ile ya sakafuni. Nikapanda. Mshale ukacheza, ukatulia.

"Kilo hamsini na mbili!" akasoma kijana wa mbele. "Daraja la fifi!"

"Safi!" wifi akamjibu kwa sauti ya kupasua bati. "Na funga mdomo, usomewe kitu kitakachokusaidia!"

Watu wakacheka, na kicheko kile kilinisaidia kuliko maji ya kunywa. Nikasoma karatasi yote. Nilipofika mstari wa tatu nikasimama, nikasema: "Aliyesomewa msimu hapa anyooshe mkono." Mikono kumi na mmoja. Wanaume saba, wanawake wanne. "Sasa toeni nakala zenu. Tafuteni herufi baada ya m."

Karatasi zikakunjuliwa, kisha ghala likaanza. Mi. Mi. Mi hapa. Na hapa. Mtu mmoja asiyejua kusoma alikuwa anamsihi jirani yake amwonyeshe hiyo i ikoje, akaitazama, akasema, "Kadogo hivi?"

Halafu wifi, ambaye kwa kufuatilia habari hana mpinzani, akauliza swali ambalo hakuna aliyeuliza. "Hii mashine ya kulia piii, nani aliwaambieni?" Huyu akasema kaambiwa na muuza duka. Muuza duka, yupo kwenye foleni, akasema kaambiwa na fundi baiskeli. Fundi baiskeli akakuna kichwa. "Mimi kaniambia Nafuu. Alikuja kuziba pancha." Mwingine akasema, na mimi Nafuu. Na mimi. Kila uzi uliovutwa ulimfikia yeye. Alitutisha kwanza, kisha akaja kutununua.

Mwenyekiti wa ushirika akamwita siku hiyohiyo, na kumwambia achague: arudishe kadi kumi na moja kabla jua halijazama, au pamba yake isipande tena mizani ile. Alirudisha. Aliziweka mezani moja moja, hakumtazama mtu. Waliokuwa wamepokea pesa yake wakamrudishia, na waliokuwa wameila wakapewa muda. Wifi alikuwa ameila nusu. Alilipa, akinung'unika mpaka senti ya mwisho.

Kadi tulikuwa nazo. Lakini mimi bado nilikuwa na ekari zangu tatu, na wapimaji walikuwa kweli wanakuja. Hilo halikuwa uongo. Jumamosi mume wangu akarudi, akasema twende tukapunguze. Nikamwambia hapana. Nimeshaipima ile kamba kwa futi yako ya uashi, kavu na mbichi, zote mbili, na tofauti ni upana wa ukucha. Nimesema tatu, nasimama na tatu.

"Na ikilia?"

"Ilie."

Jumatatu akafika bibi shamba, msichana aliyevaa mabuti ya mpira, na kidude mkononi kama simu nene. Majirani wakajipanga kandokando ya shamba kama wanaangalia mpira. Akakiwasha. Kikalia, piii!

Wifi akanishika kiuno. Bibi shamba akageuka, akatuona sote tumeganda kama nguzo, akashangaa. "Jamani, ni betri. Inasema betri ni kidogo."

Akaanza kutembea pembeni mwa shamba. Mume wangu akaambatana naye, anahesabu hatua kwa sauti, mpaka wakarudi pale walipoanzia.

"Mbili na robo," akasema mume wangu. "Na kidogo labda."

Bibi shamba akasoma kidude. "Tatu nukta sifuri moja."

"Rudia, binti yangu."

"Ekari tatu nukta sifuri moja, baba. Mama aliandikisha tatu. Yuko sahihi kabisa, tena kajipunja."

Sijui nani alianza kupiga vigelegele, nadhani ni mimi. Mume wangu akaitazama miguu yake, mmoja kisha mwingine, kama mtu aliyeuziwa viatu vibovu. "Kumbe miaka yote hii," akasema, "miguu hii inakula ekari." Akacheka mpaka akakaa chini kwenye mistari ya pamba, nami nikacheka naye. Bibi shamba akaomba kuiona kamba. Akaipima fundo kwa fundo, akaandika kwenye kitabu chake, akawauliza waliosimama pale ni wangapi walipimiwa na wanaume warefu.

Wiki ile kamba yangu haikulala nyumbani. Wajane wawili walioandikwa ekari moja moja walikutwa na moja na nusu. Mzee yule wa foleni, aliyesema hanioni, alikuja mwenyewe mlangoni, kofia mkononi. "Mama Kamba," akasema, "nami njoo unipimie." Karani akarekebisha daftari zima kabla ya malipo.

Ruzuku ilipofika nilisimama dirishani na kadi yangu. Karani wa malipo, mgeni kwetu, akauliza, "Mwenye kadi yuko wapi?" Nikamwambia, "Unamwangalia." Nilinunua bomba la kupulizia dawa, jipya, la kwangu. Nikilibeba mgongoni naonekana kama nimebebwa nalo, lakini sikodi tena kwa mtu.

Naandika haya kwa sababu Nafuu hajafa. Ameonekana kule ng'ambo ya bonde, ana begi jipya, na binti yangu wa kwanza siku hizi ameolewa hukohuko na ana kadi. Pengine safari hii hatatumia i, atatumia kitu kingine. Kwa hiyo wewe mwanangu, na ninyi wenzake mtakaosomewa, mambo ya kuepuka ni haya:

Usitoe kadi yako mkononi, hata kwa ndugu, hata kwa dakika moja.

Usiweke sahihi wala kidole kwenye karatasi uliyosomewa na yule anayekuletea. Tafuta mtu mwingine akusomee.

Usione haya kusoma polepole. Anayekuharakisha mwache aende.

Usikubali kuambiwa herufi ni lafudhi tu.

Usipokee nusu ya kitu chako.

Usiandikishe ekari kwa miguu ya mtu. Pima kwa kamba kavu, yenye fundo la sentimita tisini.

Usipunguze ekari zako kwa kuogopa, wala usiziongeze.

Usisambaze uvumi kabla hujamuuliza aliyekuambia kausikia wapi.

Usikae na hofu peke yako ndani ya nyumba. Nenda kwa karani, uliza.

Usitupe nakala.